Kifua Kilibana Usiku, Chanzo Kilikuwa Kazini

Daktari aliniuliza, "Kilianza lini?" Nikabaki nimetazama dari. Miaka sita napiga rangi magari, na sikuwa na tarehe hata moja ya kumpa.

Kilichonipoteza ni usiku. Kazini mzima kabisa. Saa nane za usiku kifua kinabana, nalaumu vumbi, nalaumu mto. Kumbe hadina, ile dawa ya kukaza rangi tunayochanganya ndani yake, huwa na kemikali ziitwazo aisosayaneti, na pumu inayoletwa nazo huweza kusubiri saa kadhaa baada ya kazi ndipo ijitokeze. Tangu mwaka 1700 Ramazzini, daktari Mwitaliano, aliwahimiza wenzake wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Wangu hakuuliza. Ilibidi niseme mwenyewe.

Basi nikanunua daftari. Kila siku mistari michache: nimepiga rangi saa ngapi hadi saa ngapi, mlango ulikuwa wazi au la, nilivaa nini usoni, usiku nimeamka mara ngapi. Siku za mapumziko andika pia, tena hizo ndizo zinazosema zaidi. Wiki mbili za likizo yangu kurasa zilikuwa karibu tupu. Siku ya pili baada ya kurudi: "Nimeamka saa 9, nimekaa kitandani mpaka alfajiri." Daktari alirudia kuusoma ukurasa huo, kisha akanipa kipima pumzi, kile kibomba cha kupuliza, nipulize mara 4 kwa siku kwa wiki 4, niwe kazini au nyumbani.

Usiandike "hadina" tu, wala "ile ya kopo jekundu". Piga picha lebo yote, kisha omba karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo. Ina sehemu 16: ya 3 inataja viambato, ya 11 madhara kwa afya. Ya 8, ya kinga, ndiyo iliyoniumbua. Barakoa ya vumbi niliyokuwa nikiwagombeza vijana waivae haizuii mvuke.

Daftari likae kwako. La kwanza niliacha kwenye droo ya msimamizi, nikaambiwa limepotea wakati wa usafi. Sikubishana. Siku hizi kila ukurasa naupiga picha kabla sijalala.

Ila kifua kikikubana hadi huwezi kumaliza sentensi, achana na daftari, kimbilia hospitali. Utaandika ukirudi.