Jibu: Dash angeweza kuvuka Likoni kwa miguu?

Ndugu, umeuliza kama Dash, yule mvulana mwenye mbio za ajabu kwenye filamu ya katuni The Incredibles (2004), angeweza kukimbia juu ya maji hapo kivuko cha Likoni, Mombasa, bila kuzama. Kanuni ya fizikia inaruhusu, mwili wa binadamu ndio unaokataa. Maji hukubeba ukiyapiga kwa nguvu kisha ukauchomoa mguu kabla shimo ulilolitoboa majini halijajifunga. Mjusi basiliski wa Amerika ya Kati huweza, kwa kuwa ni mwepesi. Mtu mzima angehitaji kasi ya karibu kilomita 108 kwa saa, na Usain Bolt alifikia takriban 44. Hapo filamu imeivuta fizikia tu, na napenda sana. Kinachonikera ni shujaa kumdaka mtu anayeanguka kutoka ghorofani: kusimamishwa ghafla na mikono ya chuma kunaumiza sawa na kugonga lami.