Hesabu seli, usikadirie

Wadogo zangu mnaoanza zamu kliniki ya macho, nimepitia mafaili ya yuveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, na bado nakuta "seli kiasi", "ukungu kidogo". Seli ni chembe nyeupe za damu zinazoelea kwenye maji ya chemba ya mbele ya jicho; ukungu ni protini iliyovuja humo. Kiasi gani jamani? Mgonjwa akirudi mwezi ujao akapokewa na mwenzako, atalinganisha na nini?

1. Punguza mwale wa taa ya mwanya (slit lamp) uwe milimita 1 kwa 1, ndipo uhesabu. Gredi za SUN, makubaliano ya kimataifa ya kupima yuveitisi, za mwaka 2005 mnazozikariri (0.5+ ni seli 1 hadi 5, 1+ ni 6 hadi 15, 2+ ni 16 hadi 25) ni za dirisha hilo tu. Kuna mama mmoja alitoka Kasese, fundi cherehani. Ziara ya kwanza mwale uliachwa mrefu, akaandikiwa 2+. Ziara ya pili alipimwa na mwingine, kwa mwale sahihi, ikawa 1+. Faili likaandikwa "anaendelea vizuri", prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, ikaanza kupunguzwa. Ugonjwa ulikuwa palepale, kilichopungua ni dirisha. Aliporudi, airisi ilikuwa imeshikana na lenzi, mboni imepindapinda kama jani lililoliwa na viwavi, na matone ya kuipanua yalifungua upande mmoja tu. Aliniuliza lini ataweza kutunga uzi kwenye sindano. Sikuwa na jibu la kumpa.

Tena, hata mwale ukiwa sawa, kati ya 2+ na 1+ panaweza kuwa na seli moja tu: 16 na 15. Ndiyo maana kwa SUN nafuu ni gredi kushuka hatua mbili au kufika 0. Andikeni idadi kando ya gredi: "1+, seli 14". Ni sekunde chache tu.

2. Hesabu kabla ya kupanua mboni, maana dawa hiyo inaweza kumwaga chembe za rangi ya airisi ukazidhania seli.

3. Zima taa za chumba.

4. Presha ya jicho kila ziara, maadamu yuko kwenye steroidi.

5. Mashine. Fotometa ya leza ya kupima ukungu (flare meter) haihesabu seli. Inapima ukungu wa protini kwa fotoni katika kila milisekunde, na inatenganisha macho mawili ambayo mimi na wewe tungeyaita 1+ yote. Ila ukungu unaweza kubaki muda mrefu baada ya seli kwisha, kwa kuwa mishipa iliyoharibika bado inavuja. Usiongeze steroidi kwa ukungu peke yake. OCT ya chemba ya mbele, yaani picha za mkato zinazopigwa kwa mwanga, ndiyo inayoonyesha seli, vidoto vyeupe vinavyohesabika. Natamani zifike kila kliniki ya macho, kuanzia Mbarara hadi Arua.

Kesho asubuhi, kabla foleni haijaanza, njooni wawili wawili. Mtahesabu jicho lilelile, kila mmoja aandike bila kumwonyesha mwenzake, kisha tulinganishe.