Ndani ya sumaku: tuikate tuone?

Swali: Nafundisha fizikia sekondari, Ilemela, Mwanza. Tulitandaza karatasi juu ya sumaku ya spika mbovu, tukanyunyiza unga wa chuma, mistari ikajichora. Mwanafunzi akauliza spini (usumaku mdogo mno wa kila elektroni) za huko ndani zimeelekea wapi. Nikamwambia tuikate tuone. Je, kukata kunasaidia? Au kuna namna ya kupiga picha ndani bila kukata?

Jibu: Mwalimu, usiikate. Kila uso mpya utakaoufungua utazua ncha mpya, na spini za jirani zitajipanga upya, hasa kama sumaku ni laini, yaani usumaku wake hugeuzwa kirahisi. Unga wa chuma nao unaonyesha uga wa nje tu, na mipangilio tofauti ya ndani inaweza kutoa uga uleule nje.

Kinachotumika ni eksirei kutoka sinkrotroni, mtambo unaozungusha elektroni kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Eksirei hizo huandaliwa uga wake wa umeme uzunguke, ama kulia ama kushoto. Atomu zenye usumaku hufyonza mzunguko mmoja kuliko mwingine, kutegemea spini imeelekea uendako mwale au kinyume chake. Toa picha moja kwa nyingine: usumaku unabaki.

Ugumu uko hapa. CT-scan ya hospitali ya Bugando inamzunguka mgonjwa kwenye mhimili mmoja na inatosha, maana inatafuta namba moja kwa kila nukta: kiasi cha eksirei kinachofyonzwa. Spini ina mwelekeo, kwa hiyo inadai namba tatu. Tena mwale huhisi tu kijenzi (sehemu ya mshale wa spini) kilicho sambamba nao. Spini iliyoukingama haionekani. Ukizungusha sampuli kwenye mhimili wima, vijenzi vya wima havitaonekana hata upige picha elfu. Inabidi uiinamishe, uizungushe tena, kisha kompyuta ioanishe seti zote mbili.

Ndivyo walivyofanya mwanafizikia Claire Donnelly na wenzake katika taasisi ya utafiti ya Paul Scherrer Institute, Uswisi. Mwaka 2017 walichapisha picha za nguzo ya gadolini na kobalti yenye kipenyo cha mikromita 5, kwa uwezo wa kutofautisha vitu vya nanomita 100 hivi. Ndani walikuta nukta za Bloch: spini zinazoizunguka nukta hiyo zinaelekea pande zote, hata katikati hapabaki mwelekeo wowote. Nadharia ilikuwa imezitabiri miaka mingi kabla (kwangu mimi, huo ndio utamu wa kazi ile).

Sumaku yako ya spika ni nene mno kwa njia hii. Nyutroni hupenya hata sentimita kadhaa, ila huona kanda kubwakubwa tu. Hadubini ya elektroni huona vidogo zaidi, lakini inataka kipande chembamba sana, cha nanomita mia moja hivi. Na sinkrotroni Afrika bado hatuna. Ya karibu ni SESAME, Jordan.

Huyo mwanafunzi mpe kazi ya daftari: achore mishale mitatu, mmoja mashariki, mmoja kaskazini, mmoja juu. Mwale unaotoka mashariki utahisi upi? Kisha aizungushe sampuli nyuzi 90 kwenye mhimili wima, ajibu tena, na aseme ni mshale upi haujaonekana mara zote mbili.