Kabla ya kukata tiketi ya kufuata mawimbi

Anayeota kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi ya Bali, Moroko na Hawaii mara nyingi huanza kwa kutafuta nauli. Anza na kalenda. Wengi wanaorudi wamevunjika moyo walifika mahali pazuri katika mwezi mbaya, au walifika kwa wakati lakini kwenye wimbi lililowazidi uwezo.

Mawimbi mazuri huzaliwa na dhoruba za mbali, na dhoruba zina misimu. Kati ya Aprili na Oktoba bahari za kusini kabisa, kuelekea Antaktika, huchafuka, na mawimbi yake hufika Indonesia na Jeffreys Bay, Afrika Kusini. Kuanzia Novemba hadi Februari ni zamu ya kaskazini: North Shore ya kisiwa cha Oahu kule Hawaii, Taghazout nchini Moroko, Peniche na Ericeira nchini Ureno. Ukienda North Shore mwezi Julai utakuta bahari imelala kama ziwa. Januari, maji yaleyale yanaweza kumuua hata bingwa. Bali ni kinyume. Januari pepo za magharibi huvuruga mawimbi ya Kuta na Uluwatu, mvua hunyesha, mito humwaga taka baharini, na wenyeji huhamia upande wa mashariki, Keramas na Nusa Dua.

Kwa pwani yetu, mawimbi ya kujifunzia huja na kusi, mfano Malindi na Coco Beach ya Dar es Salaam. Madagaska huzuia sehemu kubwa ya mawimbi ya mbali, kwa hiyo tunayopata ni mengi ya upepo wa karibu: mafupi na yasiyo na nguvu nyingi. Usiyadharau. Hapo ndipo pa kujifunza kupiga mikono na kusimama bila kulipia hoteli ya ng'ambo.

Jifunze kusoma utabiri wa bahari. Mgeni huangalia kimo cha wimbi peke yake, na hapo ndipo anapopotea. Angalia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 kwa sekunde 7 ni fujo ya upepo. Mita 1.5 kwa sekunde 15 ni kitu kingine kabisa. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya urefu wake kutoka kilele hadi kilele. La sekunde 7 huihisi kwenye mita 38 hivi, la sekunde 15 kwenye mita 175. Kwa hiyo hilo la pili hukunjwa na kuelekezwa na sakafu mapema zaidi, kisha likifika kwenye maji mafupi huinuka na kuzidi namba uliyoisoma. Zidisha sekunde mara 1.5 upate mwendo wake kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa: sekunde 15 ni kama kilomita 42 kwa saa. Dhoruba iliyo kilomita 4,000 kutoka ulipo itakufikia baada ya siku nne, muda wa kutosha kupanga safari.

Mawimbi ya sekunde nyingi huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kutulia kwa dakika kumi au zaidi. Mgeni akifika kwenye utulivu huo huona maji ya mtoto, akaingia. Kaa ufukweni dakika 20 ukitazama kabla ya kuloa. Upepo nao uangalie: unaotoka nchi kavu husimamisha uso wa wimbi na kuulainisha, unaotoka baharini huubomoa. Ndiyo maana watu huingia alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaanza.

Maji kujaa na kupwa wengi wetu wa pwani tunayajua tangu utotoni; yatumie. Wimbi huvunjika pale kina kinapokuwa kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita moja juu ya mwamba, basi, linavunjika kwenye maji yasiyokufika kichwani, na siku za bamvua maji yakipwa matumbawe hutokeza kabisa.

Sasa ubao. Mwenye kilo 70 aanze na ubao wa sponji wa futi 8, wenye ujazo wa lita 70 hadi 80. Kosa la kawaida ni kununua ubao wa futi 6 na lita 28 kwa sababu mabingwa wanautumia: unazama chini ya kifua, mikono inachoka, na wimbi linakupita. Lala ili pua ya ubao ibaki sentimita tano hivi juu ya maji. Ikizama, umelala mbele mno. Ubao ukiburura mkia, umelala nyuma mno. Ukishapata mahali sahihi, chora mstari wa nta pale kidevu kinapokaa, ulale hapohapo kila mara. Ukihisi wimbi linakuinua, piga mikono mara mbili zaidi. Anayesimama mapema huachwa mgongoni mwa wimbi. Unapojiinua, viganja viwe chini ya kifua, si kwenye kingo za ubao, na usipitie magotini.

Kamba ya mguu ilingane na ubao, futi 8 kwa futi 8. Kile kiuzi kinachofungwa kwenye kitundu cha mkia kiwe kifupi, kiishie kabla ya ukingo, ili ule mkanda mpana wa mwisho wa kamba ndio ulalie ukingo. Kikivuka, siku utakayovutwa kwa nguvu kitaupasua ubao kama kisu. Kumbuka pia kwamba ukiutupa ubao, ubao na kamba vinatawala karibu mita tano za hatari kwa aliye nyuma yako.

Ubao ukitoboka, toka majini, uukaushe kabisa kabla ya kuziba. Gundi ya poliesta huyeyusha sponji ya polistirini. Kama hujui ndani kuna nini, tumia epoksi, inafaa zote. Kwenye ndege vua mapezi, funga pua na mkia kwa taulo, na kama ubao una skrubu ya kupumulia (ya kutolea hewa iliyo ndani), ifungue kabla ya kuruka na uikaze kabla ya kuingia majini.

Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki. Usimkatie. Unapotoka kwenda nje, zunguka kupitia mlango wa maji yasiyovunjika. Ukinaswa mbele ya mtu anayeteleza, elekea kwenye mapovu nyuma yake, ingawa yatakupiga.

Mpangilio wa safari tungeushauri hivi: sakafu ya mchanga kwanza, yaani Weligama nchini Sri Lanka kati ya Novemba na Machi, au Kuta kati ya Mei na Septemba. Kisha mawimbi marefu yanayozunguka rasi, kama Anchor Point ya Taghazout, siku ambazo mawimbi ni madogo. Mwamba mwisho. Na Hawaii usidanganyike na vipimo: wenyeji wakisema futi sita, uso wa wimbi unaweza kukaribia futi 12.

Kwenye mwamba anguka ukiwa bapa, usitangulize miguu wala kichwa, na uibuke ukiwa umekinga kichwa kwa mikono. Mkwaruzo wa matumbawe usugue kwa maji safi na sabuni hadi chembe zote zitoke, kwa sababu zikibaki kidonda kinaweza kuoza. Chanjo ya pepopunda uwe nayo kabla ya kusafiri. Uluwatu unaingia na kutoka kwa kupitia pango, na maji yakijaa mkondo hukusukuma ulipite. Lenga mbali upande mkondo unakotoka, ukilikosa usipigane na jabali: rudi nje, zunguka, ujaribu tena.