Gari likisimama zebra, usivuke bado

SWALI: Habari za kazi kaka. Naishi Mbezi, mwanangu yuko darasa la tatu na kila siku lazima avuke Barabara ya Morogoro. Tangu ipanuliwe njia nane sina raha. Nilimfundisha asubiri pale kwenye zebra mpaka gari lisimame ndo avuke, sasa juzi karudi analia, gari lilisimama, akaanza kuvuka, bodaboda ikampitia puani kabisa. Nimfundishe nini tena?
Mama mwenye hofu, Mbezi

JIBU: Pole sana dada, na mpe pole mtoto. Yeye hajakosea, kafanya alivyoambiwa, ila sisi wakubwa somo hili huwa tunaliachia katikati. Gari moja likisimama ujue ni hilo moja tu limesimama. Hapo kwenu upande mmoja tu una njia kadhaa, na daladala au lori likisimama linamfunika mtoto, anayekuja njia ya pili hamuoni mtu, anaona gari limesimama anadhani linashusha abiria, basi anaovateki. Na mtoto naye hamuoni yeye.

Hili nalijua kwa macho yangu. Nimeendesha daladala miaka sita, siku moja nikasimama zebra nikampungia mkono mtoto wa shule apite, nikijiona nimefanya wema, kucheki saiti mira naona boda anatanua kushoto kwangu anakuja mbio. Nikapiga honi, mtoto akaganda mbele ya bampa, boda akapita. Mpaka leo simpungii mtu mkono barabarani, nasimama mapema, mbali kidogo na mistari ili anayevuka aonekane, nawasha hazadi, basi, aamue mwenyewe.

Kwa hiyo mwambie hivi: kila njia ni barabara yake. Akifika mwisho wa gari lililosimama asimame tena, achungulie, ahakikishe na la njia inayofuata limesimama kabisa, sio limepunguza tu. Akifika kwenye tuta la katikati apumzike, aanze upya, na asikimbie maana akijikwaa ndo basi. Kama kuna daraja la kuvukia apite hapo hata kama ni kuzunguka.

Ila dada nikwambie ukweli, mtoto wa umri huo bado hawezi kukadiria spidi. Gari la 50 kwa saa linakula kama mita 14 kila sekunde, la 80 linakula mita 22, na dereva kabla mguu haujafika kwenye breki sekunde moja imeshaenda. Ongea na wazazi wenzio mpeane zamu, mkubwa mmoja awavushe wote asubuhi na jioni. Na nyie madereva na ndugu zangu wa boda mnaosoma hapa, mwenzako akisimama zebra na wewe simama, kumuovateki pale ni kosa kisheria na kuna mtoto wa mtu nyuma ya hilo gari.

SWALI: Kaka, naenda kazini na baiskeli. Jamaa yangu anasema niendeshe kulia niwe naona magari yanayokuja. Ni sahihi?
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Hapana ndugu yangu. Anayetembea kwa miguu ndo anakaa kulia kama hakuna njia ya pembeni, baiskeli ni kushoto pamoja na magari. Piga hesabu, gari la 50 na wewe uko 15, mkikutana uso kwa uso ni 65, likija nyuma yako ni 35, dereva anapata muda wa kukuona na kukukwepa. Halafu anayetoka barabara ya mtaani kuingia kushoto anaangalia kulia kwake magari yanakotokea, wewe ukija toka kushoto hakuoni kabisa. Giza likiingia weka taa mbele na reflekta nyekundu nyuma, na hiyo reflekta uifute vumbi kila siku kabla hujatoka, ikiwa na tope ni sawa na hamna.