Video yangu ina mistari: ninunue kamera nyingine?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Ipagala hapa Dodoma, nina miezi mitano tangu nianze kupiga picha na video za sherehe. Nilinunua kamera ya mtumba iliyotoka Japan, nikasoma kozi ya siku tatu, tukapewa karatasi ya setingi: shata 60, apacha 2.8, ISO 800. Nimerekodi sendofu ukumbini, video nzima ina mistari ya giza inayopanda na kushuka. Harusi yenyewe, nje ya kanisa saa saba mchana, kila kitu kimeungua, cheupe pee. Nikahamia oto, shela ikatulia lakini uso wa bibi harusi ukazama gizani. Aliyetufundisha anasema kamera imechoka, na anayo nyingine ya milioni sita. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kamera yako ni nzima. Iliyochoka ni hiyo karatasi, na kusema kweli ilizaliwa imechoka.

Nilipoona shata 60, yaani kamera ikusanye mwanga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, nilijua kilichobaki. Umeme wa TANESCO unazunguka mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una vilele viwili, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Tena sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera kama yako, haisomi picha yote kwa mpigo mmoja. Inashuka mstari baada ya mstari, kama mtu anayesoma gazeti. Ukiweka shata ya 50, kila mstari unakusanya mipigo miwili kamili ya taa. Ukiweka 100, unapata mmoja kamili. Ukiweka 60, kila mstari unapata mpigo mmoja na kipande, na vipande havilingani: huku kinene, kule chembamba. Hiyo ndiyo mistari yako. Na kama ilikuwa inatembea, basi ulikuwa unarekodi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Ungekuwa kwenye 25 na shata hiyo hiyo mbovu, ingeganda mahali pamoja, maana fremu moja ingekaa na mipigo minne kamili.

Sasa jiulize hiyo 60 imetoka wapi. Imetoka Marekani, ambako umeme unazunguka mara 60. Mtu kaangalia video ya Mmarekani mtandaoni, kanakili namba, kachapa karatasi, kawauzia watu wa Dodoma. Mmarekani hakukosea, kwake iko sawa kabisa. Hata Japan ilikotoka kamera yako wamegawanyika: Tokyo na mashariki wanatumia 50, Osaka na magharibi 60. Namba ya kamera ina kwao. Ukiihamisha bila kuuliza kwao ni wapi, inakuumbua mbele ya kamati ya harusi.

Ingia kwenye menyu, tafuta mahali pa kuchagua mfumo wa video, NTSC (wa nchi za umeme wa 60) au PAL (wa 50), weka PAL. Baadhi ya kamera zitadai kufomati kadi, kwa hiyo hamisha kwanza kazi za watu. Kisha rekodi fremu 25 kwa shata 50. Hapo mwendo wa watu utaonekana wa kawaida na taa zitatulia. (Kama menyu yako ni ya Kijapani tupu, pole, Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la kule hazina lugha nyingine. Kariri alama, utazoea.) Taa za LED za steji, zile za DJ zinazobadilika rangi, zina tabia yake: nyingine hupepesa kwa kasi isiyohusiana kabisa na umeme wa ukutani, na 50 haitazimaliza. Kamera nyingi za video za kitaalamu zina shata inayosogezwa kidogokidogo mpaka mistari ipotee. Kama yako haina, jaribu 50, jaribu 100, na ikigoma mwombe DJ aache rangi moja wakati wa keki. Kwenye picha za mnato, zima shata ya kimya ukiwa chini ya taa hizo, vinginevyo mistari itakufuata na huko.

Sendofu uliyokwisha kurekodi inaokoleka kiasi. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo lake la kulipia lina zana ya kupunguza kupepesa kwa taa. Mwambie mteja ukweli kabla hajaiona.

Twende nje ya kanisa. Tangu enzi za filamu wapiga picha wana kipimo cha kichwani: jua likiwa wazi, apacha 16, na shata iwe sawa na ISO. (Apacha ni tundu la lenzi, namba ikipungua tundu linapanuka; ISO ni wepesi wa kamera kushika mwanga.) ISO 100, shata 100, picha iko sawa. Linganisha na karatasi yako. Kutoka 16 hadi 2.8 mwanga umeongezeka mara 32. Kutoka ISO 100 hadi 800, mara nane. Shata ya 60 badala ya 100 imeongeza tena. Zidisha: umeipa kamera mwanga wa kutosha picha zaidi ya 400, halafu unashangaa imeungua. Palipoungua hadi kuwa peupe kabisa hapana kitu cha kurudisha, hata uwe na kompyuta ya namna gani.

Ukitaka kubaki na apacha 2.8 na shata 50 juani, vaa lenzi miwani, yaani kichujio cha ND. Kwa ISO 100 na jua letu unahitaji ND64, inayopitisha sehemu moja tu ya 64 ya mwanga. Hizi za kuzungusha ni nafuu na zinasaidia, ila ukizikaza hadi mwisho zinaweka msalaba mweusi katikati ya picha. Linganisha bei ya hicho kioo na hiyo milioni sita.

Na kwa nini saa saba? Najua, ibada imechelewa, kwaya imeimba nyimbo tano. Lakini saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata nyuzi 45 mashariki, nasi Dodoma tuko karibu na nyuzi 36, kwa hiyo hapa jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Hufika karibu na saa sita na dakika arobaini. Unapowapanga maharusi saa saba, jua liko utosini, macho yamekuwa mashimo na pua ina kivuli kama ndevu. Wapeleke chini ya mti au upande wa ukuta wenye kivuli, nyuso zielekee kwenye uwazi. Bure kabisa hiyo.

Uso kuzama gizani ni jambo lingine, na hapa ndipo huwa napandisha sauti darasani. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haijui bibi harusi ni nani. Inachojua ni kutaka kila kilicho mbele yake kiwe kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye shela nyeupe juani, inapunguza mwanga ili weupe uwe kijivu, na uso mweusi unalipa gharama. Ukiielekeza kwenye suti nyeusi ya bwana harusi, inaongeza, na shela inaungua. Badili upimaji uwe wa nukta moja, weka nukta shavuni, ufunge mwanga hapo, kisha ndipo upange picha. Ukiwa kwenye M, yaani namba zote unaweka kwa mkono, fanya kazi hiyo mwenyewe.

Utakutana pia na watu wanaosema weka zebra asilimia 70, yaani kioo cha kamera kichore mistari palipofikia mwanga wa kiwango hicho, na ikitokea usoni uko sawa. Ya nani hiyo 70? Ni ya ngozi ya Mzungu, kwenye sehemu za uso zinazong'aa. Ngozi zetu nyingi zinakaa chini ya hapo, na ukizilazimisha zifike 70 unampausha mtoto wa watu akaonekana kapakwa unga. Wala si jambo jipya. Enzi za filamu, maabara nyingi za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wenyewe wakiiita Shirley. Picha za wazazi wetu zilisafishwa kwa kipimo cha Shirley, na wengi wetu tulidhani sura zao ndizo zilikuwa na tatizo.

Ndiyo maana hawa vishoka wa setingi wananikera. Kishoka wa umeme angalau anakuunganishia waya ukaona taa inawaka. Huyu anakuuzia namba kwenye WhatsApp, "setingi za harusi", "setingi za usiku", "rangi za sinema, elfu kumi tu", zikikataa anasema kamera yako imechoka, na kwa bahati nzuri anayo nyingine ya kukuuzia. Nimewahi kuletewa kamera na binti mmoja, machozi yanamtoka, kaambiwa sensa imekufa. ISO ilikuwa imefungwa kwenye 12,800 na mtu wa karatasi kama yako. Dakika moja. Alikuwa ameshaweka tangazo la kuiuza.

Wapo pia wanaokuja na pumzi zao kupuliza sensa, au kuifuta kwa pindo la fulana. Dodoma hii, miezi ya upepo, vumbi linaingia hata kwenye sukari. Usibadilishe lenzi uwanjani. Ingia ndani ya gari, zima kamera, elekeza mdomo wake chini. Na mtu akikuambia anasafisha sensa, muulize anatumia nini. Akitoa kitambaa mfukoni, chukua kamera yako uondoke.

Hakuna anayekupa setingi, kwa sababu mwanga wa ukumbi wa Area C saa mbili usiku si mwanga wa ngoma ya Chamwino saa nne asubuhi. Ninachoweza kukupa ni zoezi. Chukua kiti kimoja na rafiki mmoja mvumilivu, nendeni Nyerere Square saa moja asubuhi. Kamera kwenye M, ISO 100. Mpige usoni, andika namba kwenye daftari. Rudieni saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, kiti mahali pale pale. Fanya hivyo siku nne, moja iwe ya mawingu. Siku ya tano, andika namba kabla ya kuwasha kamera, ndipo uiwashe uone umekosea kwa kiasi gani. Kisha tafuta kameramani anayefanya kazi kweli, umbebee stendi miezi michache bila kudai jina lako liandikwe popote.

Na kazi yako inayofuata, fika ukumbini saa kumi, mafundi wakiwa bado wanafunga vitambaa. Waombe wawashe taa zote, zikiwamo za DJ. Rekodi sekunde thelathini kwa 50, thelathini kwa 100, ukae kwenye kiti cha nyuma uzitazame kwa kioo kikubwa, si kile kidogo cha kamera.