Moyo unasukuma vizuri, mbona "haulegei"?
Umeuliza inawezekanaje ripoti ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) iseme moyo unasukuma damu vizuri lakini haulegei sawasawa. Inawezekana kabisa: kusukuma ni kazi moja, kulegea na kujaa ni nyingine. Dopla, sehemu ya eko inayopima kasi, hupima mawimbi mawili ya damu inayoingia chemba ya chini ya kushoto: E, moyo unapolegea, kisha A, chemba ya juu inapomalizia kusukuma. E ikiwa ndogo kuliko A, mara nyingi ulegeaji umepungua, ila kwa mtu wa miaka 70 hilo ni la kawaida mno. Mimi ningetazama kwanza uwiano wa E kwa e′; hiyo e′ ni kasi ya msuli wenyewe wa moyo unapolegea. Wastani wa uwiano huo ukizidi 14, presha ya kujaa, yaani ya ndani ya moyo unapojaa damu, huenda imepanda. Na chemba ya juu ya kushoto, wameandika imetanuka? Hiyo nayo ni dalili ya presha hiyo.